Giaboksi Haili Oili

Ndugu msikilizaji wa Kericho, wa Bomet, nawe uliye njiani na redio ya gari imewashwa, jioni hii tuzungumze juu ya oili ya giaboksi, ile nyekundu ambayo dukani huitwa ATF, na juu ya gari linaloivujisha bila mwenyewe kujua. Nimelichagua jambo hili kwa sababu huku kwetu linaua magari kimyakimya. Anayelaza gari juu ya saruji huamka akaona doa. Sisi wengi tunalaza gari uani, juu ya udongo, na udongo wa nchi ya chai ni mwekundu. Oili nyekundu juu ya udongo mwekundu haionekani. Ikibaki alama kidogo, mvua ya alasiri inaiosha. Mwenye gari anakuja kujua siku ile injini inapiga kelele, sindano ya mizunguko imepanda, na gari halisogei.

Neno la kwanza nalisema mapema, ili hata anayeshuka stejini sasa hivi ashuke nalo: giaboksi haili oili. Injini inaweza kuila. Ringi za pistoni zikichakaa, oili inaungua pamoja na petroli na moshi wa samawati unatoka nyuma. Giaboksi haina mahali pa kuchomea kitu. Oili yake inazunguka mahali palipofungwa, kwa hiyo ikipungua, imetoka nje au imepenya mahali isikostahili kufika. Dereva anayeongeza nusu lita kila wiki na kuendelea na safari hajatengeneza chochote. Anaisogeza mbele siku ya hasara.

Tuelewane kwanza oili hii inafanya kazi gani. Katika gari la gia za mkono, klachi ndiyo inayounganisha injini na giaboksi. Katika gari la oto, kati ya injini na gia pana kifaa kinachoitwa konveta. Ndani yake gurudumu moja la mapanga, linalozungushwa na injini, hurusha oili kwenye gurudumu jingine, na msukumo huo wa oili ndio unaolisogeza gari. Ndani ya giaboksi pana pampu inayotia oili presha ili ibane sahani za klachi zinazobadilisha gia. Oili hiyo hiyo inalainisha vyuma na kubeba joto kwenda kupozwa. Kiwango kikishuka, pampu inafyonza hewa, oili inatoa povu, presha inaanguka, na sahani zinateleza badala ya kushika. Kuteleza kunaleta joto. Joto linaikaangiza oili na kuzikausha sili za mpira. Sili zikikauka, mvujo unaongezeka. Ndiyo maana mvujo mdogo haubaki mdogo.

Sasa fikiria barabara zetu. Kutoka Ahero, kwenye mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda kupitia Awasi na Kapsoit hadi Kericho mjini, kwenye mita 2,000 na ushei. Konveta hupata joto kali zaidi gari linapovuta mzigo mzito kwa mwendo wa pole, na hayo ndiyo maisha ya Probox ya huku: watu, kabichi, maziwa, magunia, barabara inapanda tu. Toka Silibwet kuelekea Olenguruone, au ingia zile njia za changarawe za Konoin zinazokwenda kwenye vituo vya majani ya chai, utaona kazi inayofanywa na giaboksi iliyotengenezewa magari ya kupeleka vifurushi katika miji ya Japani. Na gari hilo halikufika hapa likiwa jipya. Sheria ya Kenya inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mengi huteremka Mombasa yakiwa yameukaribia umri huo, kisha tunayatumikisha miaka kumi au kumi na mitano zaidi. Kwa umri huo mpira wa sili unakuwa mgumu na kupasuka, hata kama gari limetunzwa vizuri.

Rangi nyekundu nayo ina asili yake. Gari la kwanza la oto kuuzwa kwa wingi duniani lilikuwa Oldsmobile ya mwaka wa modeli 1940, lenye giaboksi ya General Motors iliyoitwa Hydra-Matic. Mwaka 1949 kampuni hiyo ikatoa kiwango rasmi cha oili yake, na ikazoeleka kuitia rangi nyekundu ili fundi akiona tone aitofautishe na oili ya injini. Oili za wakati huo zilichanganywa na mafuta ya nyangumi, kwa sababu yalizisaidia sahani kushika vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ikapiga marufuku biashara ya mafuta hayo ili kuwanusuru nyangumi, na wanakemia wakalazimika kubuni viungo vingine. Rangi ikabaki. Tuitumie kwa kazi iliyokusudiwa.

Twende basi uani. Chukua gunia jeupe la mbolea, lile la NPK la kilo 50, lioshe, lipasue likunjuke lote, ulitandaze chini ya gari kuanzia bampa la mbele hadi chini ya kiti cha dereva. Ligandamize kwa mawe lisipeperuke. Tia alama ya mkaa mahali magurudumu ya mbele yanapogusa, ili kesho ujue doa liko upande gani. Fanya hivyo usiku usio na mvua, au chini ya banda, maana maji yanayochuruzika kutoka kwenye bodi yatakuvurugia ushahidi. Asubuhi livute gunia ulisome.

Maji matupu, safi, upande wa abiria, ni ya kiyoyozi, usihangaike nayo. Rangi ya asali iliyokolea au nyeusi ni oili ya injini. Nyekundu au ya waridi inataka uangalifu, kwa sababu watu wengi hukosea hapa. Kulanti ya Toyota, ile dawa ya rejeta, nayo ni nyekundu au ya waridi. Ukikimbilia gereji ukisema giaboksi inavuja, unaweza kushushiwa giaboksi nzima kumbe ni hozi ya rejeta. Pima hivi: chovya kidole, kisugue na kidole gumba. Oili inateleza na haitoki mpaka utumie sabuni. Kulanti inanata kidogo na inatoka kwa maji. Kama bado una shaka, dondosha tone katika kikombe cha maji. Oili itaelea juu, kulanti itayeyuka na kuyatia maji rangi. Kisha kitupe kikombe hicho; kulanti ni sumu, na utamu wake huwavutia watoto na mbwa. Usukani nao, katika magari yanayotumia pampu ya oili, mara nyingi hutumia oili nyekundu ya aina hii hii, kwa hiyo chungulia pia kikopo chake chini ya boneti uone kama kimepungua.

Doa likiwa ni oili nyekundu kweli, sasa tafuta inakotokea. Katika Probox, Fielder na Vitz, injini imelazwa kwa upana, na giaboksi iko upande wa kushoto, yaani upande wa abiria wa mbele. Doa lililo pale pale chini yake laweza kuwa la plagi ya kumwagia, la gasketi ya sampu (lile bakuli la oili chini ya giaboksi), au la sili ya shafti inayokwenda kwenye gurudumu. Doa lililo mbele kabisa, karibu na rejeta, ni la hozi za kupozea oili au viungio vyake. Doa lililo pale injini na giaboksi zinapoungana linaweza kuwa la sili ya konveta likiwa jekundu, au la sili ya nyuma ya injini likiwa jeusi.

Lakini mahali oili inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea. Inateremka kwa uzito wake, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo osha kwanza. Subiri vyuma vipoe, chukua brashi na sabuni, toa matope na mafuta yote kwenye sampu na kuzunguka shafti. Wapo wanaooshea petroli. Msifanye hivyo, petroli na chuma cha moto ni hatari ya uhai. Acha pakauke kabisa, kisha nyunyiza poda ya mtoto kila mahali unapopashuku. Endesha dakika ishirini, mlima ukiwemo, urudi uangalie kwa tochi bila kugusa ekzosi. Poda itakuwa imelowa kwa mstari. Ufuate mstari huo kwenda juu na kwenda mbele mpaka unapoanzia. Hapo ndipo penye ugonjwa. Nakusihi usikubali kununua spea yoyote kabla ya kupaona hapo kwa macho yako.

Kupima kiwango nako huku kwetu kuna shida yake, nayo ni kupata mahali tambarare. Ua mwingi una mteremko, na gari likiinama kidogo tu kijiti cha kupimia kinatoa habari ya uongo. Nenda kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Ukiwa na shaka, laza chupa yenye maji nusu juu ya sakafu, utazame maji yamelala vipi. Katika Toyota nyingi za zamani zenye kijiti cha giaboksi, gari liwe limekwisha kutembea likapata joto, injini iwe inaunguruma, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu kutoka P hadi ya mwisho na kurudi P, kisha chomoa kijiti, kifute, kirudishe, ukisome kwenye alama za moto. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Na gari lisilo na kijiti hupimwa kutoka chini kupitia plagi maalumu, oili ikiwa na joto lililotajwa na mtengenezaji. Hilo mpe fundi mwenye kifaa cha kusoma joto.

Kuhusu ukarabati wa nyumbani, naanza na roho ya mtu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Udongo wetu ukilowa hubonyea, na jeki inazama huku wewe umelala chini. Weka ubao mpana chini ya jeki, weka stendi za chuma, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa mbele na nyuma. Matofali hayafai, hupasuka ghafla. Na lipo jambo ambalo madereva wengi hawalijui: katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, P inafunga magurudumu ya mbele tu. Ukishayainua, P haishiki kitu tena. Gari linashikwa na handibreki na mawe yako. Mahali penye mteremko, kazi hii isifanyike kabisa.

Mvujo wa plagi ndio rahisi kuliko yote. Plagi ina washa nyembamba inayobonyea inapokazwa, nayo inatakiwa ibadilishwe kila oili inapomwagwa. Gereji nyingi huirudisha ile ile ya zamani, na inapoanza kutoa matone wanaikaza kwa nguvu mpaka nyuzi za sampu zinalika. Washa mpya ni fedha kidogo sana. Mwaga oili ikiwa vuguvugu, si ya moto, maana inaunguza vibaya. Ipokee kwenye chombo safi upime imetoka kiasi gani. Tia washa mpya, kaza kwa kiasi, rudisha kiasi kile kile pamoja na ulichokadiria kimevuja.

Gasketi ya sampu inataka mkono mtulivu. Bolti zake ni ndogo, za spana namba 10, na Toyota nyingi zinataka zikazwe kwa nguvu isiyofika hata Nm 10, ambayo ni nguvu ya kifundo cha mkono, wala si ya bega. Fundi anayening'inia kwenye spana anaikunja midomo ya sampu na kuikamua gasketi itoke nje, na mvujo unarudi ukiwa mbaya zaidi. Legeza bolti hatua kwa hatua, sampu ishuke upande mmoja kwanza. Kwangua mabaki ya gasketi kuukuu bila kuchimba aluminiamu. Ndani utakuta sumaku. Tope laini la kijivu juu yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa ukucha ni habari nyingine, na gasketi mpya haitaiponya giaboksi hiyo. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha kwa gasketi mpya, kaza kwa kuvukana, bolti ya huku kisha ya kule. Silikoni msiipende sana. Inayomiminwa kwa wingi hukatika vipande ndani, ikaziba chujio, pampu ikakosa oili.

Hozi za kupozea hukakamaa na kupasuka kwenye klipu. Badilisha kwa hozi iliyotengenezwa kwa oili ya moto. Ile ya maji au ya petroli italainika na kupasuka, pengine katikati ya mlima wa Londiani. Na kabla ya kulaumu sili yoyote, itafute brida, kile kitundu au kimrija cha kupumulia juu ya giaboksi. Matope ya barabara zetu huiziba. Giaboksi ikipata joto na kukosa pa kupumulia, presha inasukuma oili kupitia sili zilizo nzima kabisa. Kuizibua ni kazi ya dakika chache, na inasikitisha kuona watu wakibadilisha sili mara mbili bila kuigusa.

Sili za shafti na sili ya konveta mwachie fundi mwenye vifaa, hasa ya konveta, maana giaboksi lazima ishuke. Hapo mwambie umekwisha kuona nini: “Fundi, mvujo unaanzia hapa, poda imelowa hapa.” Mafundi wetu wa jua kali wana mikono mizuri. Wengi hupotea kwa sababu tunawapelekea kisio badala ya ushahidi, kisha tunawaharakisha. Zile dawa za chupa za kuziba mvujo huvimbisha mpira kwa muda. Zinaweza kukufikisha nyumbani, lakini mimi sizihesabu kuwa matengenezo.

Yako mambo mawili ambayo ukiyaona gari lisisogezwe tena. La kwanza ni kijiti kikitoka na oili iliyogeuka kuwa ya waridi na nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi. Hiyo ni kulanti iliyoingia kwenye giaboksi, mara nyingi kupitia kipozeo kilichooza ndani ya rejeta, na maji hayo huzibandua sahani za klachi. La pili ni gari kuchelewa kushika unapoweka D, au mizunguko kupanda mlimani huku mwendo ukishuka. Hapo simama. Na usikubali kufungiwa kamba nyuma ya trekta la majani. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, magurudumu ya mbele yanazungusha giaboksi kavu, na kilichokuwa kimebaki kizima kinaisha kabla ya Litein. Gari libebwe, au liinuliwe magurudumu ya mbele.

Kuhusu aina ya oili, rangi si kibali. Giaboksi ya kawaida ya oto na ile ya CVT, isiyo na hatua za gia bali mkanda wa chuma, hazitumii oili moja, hata zikiwa zote za Toyota au zote za Nissan. Oili ya CVT ya Nissan inayoitwa NS-2 ni ya kijani, na ukiikosa ukatia nyekundu, mkanda utateleza na kujikwaruza. Soma kitabu, soma maandishi ya kwenye kijiti, au peleka namba ya chesi dukani. Muuzaji akikwambia “hii inaingia gari yoyote”, nenda duka la pili.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko gari. Ile oili uliyoimwaga utaiweka wapi? Nimeona ikimwagwa mtaroni nyuma ya gereji, na mtaro wa huku hauishii mtaroni. Wa Bomet unaingia Nyangores, mto ule ule wa maporomoko ya Tenwek ambako hospitali inazalisha umeme wake, unaungana na Amala kuwa Mto Mara, unakwenda hadi Serengeti na ziwani. Wa upande wa Kericho na Bureti unafuata Itare, Kiptiget na Chemosit hadi Sondu, na ziwani vilevile. Njiani watu wanateka, ng'ombe wanakunywa. Kwa sheria ya mazingira ya Kenya oili chafu ni taka hatari, na haina ruhusa ya kumwagwa ardhini wala majini. Irudishe katika makopo ile mpya ilimokuja, funga vizuri, andika juu yake isije ikanywewa au kutiwa taani, uipeleke kwa gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya. Nazo serikali za kaunti za Kericho na Bomet naziomba hadharani: wekeni pipa la oili chafu katika kila eneo la jua kali, kuanzia Kapsoit na Litein hadi Silibwet na Longisa, na mteue wa kuliondoa likijaa. Mafundi wako tayari kulitumia, lakini kwa sasa wengi wao hawana pa kuipeleka oili hiyo.